Chumvi Naisamehe, Nyama Siisamehe: Farasi wa Mbio na Filamu Zao

Mara ya kwanza nilipomwona Seabiscuit, farasi wa mbio katika filamu yenye jina lake, nilikuwa nimeketi juu ya ubao uliolazwa kwenye matofali, ndani ya banda la video nyuma ya soko la Mwanga, mjini Kigoma, katika joto la watu wapatao sitini na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Filamu hiyo ilitoka Marekani mwaka 2003, nasi tuliipata miaka michache baadaye, ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa mtafsiri, yule bwana ambaye sauti yake moja huwasemea waigizaji wote, wanaume kwa wanawake, na ambaye haoni haya kuongeza la kwake pale anapoona mazungumzo yamepoa. Kwa maneno yake, War Admiral, mpinzani mkuu wa Seabiscuit, alikuwa "jini la Mashariki" linalokula debe zima la mahindi kwa mlo mmoja. Banda zima lilicheka. Rafiki yangu mmoja, fundi wa reli ambaye sasa ni mstaafu kama mimi, alinigusa bega akaniuliza, "Bwana Mifugo, hebu niambie wewe unayewajua wanyama, haya mambo yalitokea kweli?"

Sikuwa na jibu, na aibu ya siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuzifuatilia filamu za farasi wa mbio moja baada ya nyingine, nikilinganisha kinachoonekana kwenye kioo na kile kilichoandikwa katika kumbukumbu za viwanja vya mbio. Inafaa niseme mapema kwamba katika miaka zaidi ya thelathini ya kazi ya mifugo, kuanzia Kasulu hadi Uvinza, nimechanja ng'ombe, nimesimamia majosho na nimezalisha mbuzi usiku kwa mwanga wa kurunzi, lakini sijamtibu farasi hata mmoja mkoani kwetu, kwa sababu hawapo. Farasi na mbung'o hawakai nchi moja. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa wiki chache tu baada ya safari kuanza. Hawakuiona Tabora, sembuse Ujiji. Farasi wangu wa kwanza nilimgusa nikiwa masomoni upande wa kaskazini, na ninachokumbuka zaidi ni jinsi miguu yake ilivyokuwa myembamba kwa mnyama mzito namna ile.

Hata hivyo, sisi wa Kigoma tuna sababu yetu ya kuzitilia shaka filamu zinazojinasibu na mambo ya kweli. Meli yetu, MV Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa hapa vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi ili zisiharibike. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulilolizoea. Katika The African Queen, filamu ya mwaka 1951 ambayo chimbuko lake ni vita vya ziwa hili, meli ya Wajerumani inalipuka na kuzama, na hadithi inaishia hapo. Mtu aliyewahi kulala juu ya magunia yake ya dagaa akielekea Mpulungu ndani ya meli iliyokwisha "kufa" sinemani hawezi kuwa mtazamaji mwepesi wa kuamini.

Lakini sitaki nionekane mtu wa kulalamikia kila kitu. Mkoa wetu ndio wenye chumvi ya Uvinza, na simlaumu mtengeneza filamu anayeitia katika mchuzi wake, kwa kuwa maisha halisi yana siku nyingi za bure ambazo hakuna anayelipa kiingilio ili azione. Ninachokilalamikia ni nyama inayoondolewa chunguni kimyakimya, kisha mgeni akaambiwa kwamba mchuzi ulikuwa hivyo tangu jikoni. Nilivyoziona filamu hizi, husema kweli juu ya matokeo na hudanganya juu ya sababu. Muda wa mshindi huwa sahihi, na mwaka na uwanja pia. Bali ukiuliza kwa nini farasi yule alishinda, nani alikuwa akilipia majani yake, na farasi gani mwingine alikuwa katika zizi la pili yake, unakuta mkasi umekwisha kupita.

Nianze na huyo huyo wa bandani. Seabiscuit alizaliwa mwaka 1933, akashindwa katika mbio zake 17 za mwanzo, na mwaka 1936 akanunuliwa kwa takriban dola 8,000 na Charles Howard, tajiri wa San Francisco aliyepata mali kwa kuuza magari. Mkufunzi Tom Smith, mtu wa maneno machache, ndiye aliyemtuliza na kumgeuza kuwa farasi wa ushindi. Haya filamu inayasema, na ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba tarehe 1 Novemba 1938, katika uwanja wa Pimlico, alipambana na War Admiral wao wawili tu, akamwacha kwa urefu wa farasi wanne. Kwamba mbio zile zilianzishwa kwa kengele badala ya malango, na Smith alikuwa amemzoeza mnyama wake kuchomoka kwa mlio wa kengele. Na kwamba mpanda farasi George Woolf alimwachia mpinzani amfikie kwanza, ili Seabiscuit amtazame jicho kwa jicho kabla ya kuondoka tena. Ushauri huo ulitoka kwa Red Pollard, mpandaji wa kawaida wa Seabiscuit, ambaye wakati huo alikuwa na mguu uliovunjika. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani ni ya mtafsiri wa Mwanga, kumbe ndiyo historia yenyewe.

Debe la mahindi, hata hivyo, halikuwa la mtafsiri peke yake. Filamu yenyewe inamfanya War Admiral kuwa jitu, farasi wa kimo kinachokaribia sentimita 183 mabegani, huku Seabiscuit akionekana kama punda wa mchota maji. Katika maisha halisi wote wawili walikuwa wa kimo cha karibu sentimita 160, na aliyewasimamisha ubavu kwa ubavu asingeona tofauti ya maana. Zaidi ya hapo, walikuwa ndugu. War Admiral alikuwa mtoto wa Man o' War, na baba yake Seabiscuit, Hard Tack, alikuwa mtoto wa Man o' War vilevile, kwa hiyo War Admiral alikuwa baba yake mdogo, tena baba mdogo aliyezaliwa mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya mwana. Katika ukoo wowote wa Ujiji utampata baba mdogo wa namna hiyo, anayesukumana na wanawe kwenye foleni ya chuo cha Kurani na bado anadai aamkiwe shikamoo. Ningelikuwa mimi mwenye filamu, ningeona kwamba mambo hayo yana utamu kuliko hilo jitu.

Kuna nyama nyingine iliyotolewa hapo. Pollard hakuumia mara moja mwaka 1938, aliumia mara mbili: mwezi Februari farasi aitwaye Fair Knightess alimwangukia na kumponda kifua, na mwezi Juni, alipokuwa ameanza tu kurudi kazini, farasi mwingine alitoka naye mbio bila kushikika na kumvunja mguu. Filamu imezifanya ajali hizo kuwa moja. Howard naye hakuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyefariki kwa ajali ya gari akabaki mpweke. Alikuwa na wana wanne, na aliyefariki mwaka 1926 alikuwa mmoja wao. Kisha yanakuja mashindano ya mwisho, Santa Anita, Machi 1940, ambapo filamu inamwacha Seabiscuit nyuma kabisa ili apate kuwapita wote, ilhali siku ile alikuwa karibu na viongozi tangu mwanzo. Aliyemaliza wa pili aliitwa Kayak II, naye alikuwa mali ya Howard huyo huyo, tena ndiye aliyekuwa ameshinda mashindano hayo hayo mwaka uliotangulia. Mwenye farasi wawili bora katika mbio moja si mnyonge aliyebanwa ukutani. Wapenzi wa mbio wamebishana sana kama mpandaji wa Kayak II alimbana farasi wake makusudi ili mzee ashinde. Mjadala mzima huo, ambao ungetosha kuwa filamu nyingine, umefutwa kwa kumfuta farasi mmoja.

Ajabu ni kwamba filamu ya zamani zaidi juu ya farasi huyu, iliyotoka mwaka 1949 ikiwa na Shirley Temple, ni ya uongo kuliko hii kwa kila kipimo cha hadithi, kwa kuwa imejaa mapenzi ya watu waliobuniwa, na bado ndani yake mna picha halisi za mbio za 1938 na 1940, zilizopigwa siku yenyewe. Anayetaka kumwona Seabiscuit mwenyewe akikimbia lazima avumilie posa na machozi ya watu ambao hawakuwahi kuishi.

Filamu ya Secretariat, ya mwaka 2010, ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu inamhusu farasi ambaye hakuhitaji msaada wa mtu yeyote. Mwaka 1973 alishinda Kentucky Derby kwa dakika 1 na sekunde 59 na mbili ya tano, akashinda Preakness, na tarehe 9 Juni akashinda Belmont, maili moja na nusu, kwa dakika 2 na sekunde 24 kamili, akiwa ametangulia kwa urefu wa farasi 31. Nusu karne imepita na muda wake katika mashindano hayo matatu haujavunjwa. Hapa lazima nikiri kwamba hata matokeo, niliyosema hapo juu kuwa filamu huyaheshimu, yanaweza kuwa na kasoro zake nje ya filamu: saa rasmi ya Preakness iliharibu hesabu siku ile, na ilibidi mwaka 2012, miaka 39 baadaye, muda urekebishwe kuwa dakika 1 na sekunde 53. Filamu ilikuwa imekwisha kutoka wakati huo.

Sasa tazama walichokifanya. Simulizi ya filamu ni kwamba Penny Chenery, mke wa nyumbani, anarithi shamba la baba yake huko Virginia likiwa mahututi, na farasi mmoja wa ajabu analiokoa. Kweli shamba lilikuwa mahututi, na kweli Penny Chenery alikuwa mwanamke shupavu aliyekataa kuliuza. Lakini farasi aliyeliokoa kwanza aliitwa Riva Ridge. Mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya Secretariat kuvuma, Riva Ridge alishinda Kentucky Derby na Belmont, akiwa mali ya shamba hilo hilo, mkufunzi wake akiwa Lucien Laurin huyo huyo, mpandaji wake Ron Turcotte huyo huyo, na saisi wake Eddie Sweat huyo huyo. Septemba 1973 farasi hao wawili hata waliwekwa katika mbio moja, Secretariat akashinda na Riva Ridge akawa wa pili. Katika filamu hayumo kabisa, wala kivuli chake hakipiti.

Sababu ya kumwondoa inaeleweka, kwa kuwa ukishamwonyesha Riva Ridge, Penny Chenery anaacha kuwa mama aliyebahatika na anakuwa mfugaji mwenye zizi bora Marekani nzima, anayefanya mwaka wa pili kile alichokwisha kukifanya mwaka wa kwanza. Kwangu mimi heshima hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mfugaji wa Buhigwe ambaye ng'ombe wake bora amezaa dume bora haombi mtu asahau kwamba kulikuwa na dume jingine kabla yake, bali atakutajia ukoo mzima mpaka pombe iishe.

Tukio la kurusha sarafu nalo nimelirudia mara nyingi, maana linahusu kazi yangu. Familia ya Phipps ilikuwa na dume maarufu aitwaye Bold Ruler, na badala ya kutoza ada ya kupandisha ilikubaliana na wenye majike kugawana watoto, mpango ambao mtu yeyote wa Buha anayejua desturi ya kupeana ng'ombe na kugawana ndama ataufahamu mara moja. Shamba la Chenery lilipeleka majike wawili kila mwaka kwa miaka miwili, na sarafu iliyorushwa mwaka 1969 ilikuwa ya kuamua nani achague kwanza: mshindi angechagua kwanza kwa watoto wa mwaka wa kwanza, na aliyeshindwa angechagua kwanza mwaka uliofuata. Lakini ilikwisha kujulikana kwamba katika awamu ya pili jike mmoja, Cicada, hakushika mimba, kwa hiyo angezaliwa mtoto mmoja tu, naye angekuwa wa aliyeshindwa. Ndiyo kusema pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kutaka kushindwa. Phipps akashinda, akamchukua mtoto jike aliyeitwa The Bride, ambaye hakuwahi kushinda mbio hata moja. Penny Chenery akabakiwa na yule mmoja aliyekuwa bado tumboni mwa Somethingroyal, akazaliwa tarehe 30 Machi 1970, akaitwa Secretariat.

Katika filamu, hesabu hiyo yote imegeuzwa kuwa busara ya mwanamke aliyesoma vitabu vya nasaba na kumzidi tajiri kwa akili. Ni tukio zuri, nami nililipenda nilipoliona mara ya kwanza. Lakini kilichotokea ni kwamba tumbo la Cicada lilikataa, na kukataa huko ndiko kulikompa Penny Chenery farasi wake. Katika kazi yetu mambo mengi makubwa huamuliwa hivyo, na hakuna mwalimu aliyetufundisha kuyaonea aibu.

Sham, farasi aliyekuwa wa pili katika Derby na Preakness, hakuondolewa, lakini alipewa mkufunzi mwenye mdomo mrefu ili tupate mtu wa kumchukia. Kisichosemwa ipasavyo ni kwamba katika Derby ile Sham alijigonga kwenye lango la kuanzia, akaumia meno, damu ikamtoka, na bado alimaliza kwa muda unaokadiriwa kuwa chini ya dakika mbili. Rasmi ni farasi wawili tu katika historia ya Derby walioshinda chini ya dakika mbili, Secretariat mwenyewe na Monarchos mwaka 2001. Mwaka wowote mwingine Sham angekuwa mfalme. Kwa upande mwingine, jipu la mdomoni lililomsumbua Secretariat alipomaliza wa tatu katika Wood Memorial filamu haikulitupa, nami nilishukuru, kwa sababu kidonda kidogo mahali lijamu inapokaa kinatosha kabisa kumfanya farasi wa dunia akatae kukimbia, na si kila mwandishi wa filamu angeona kwamba jipu ni jambo la kustahili kamera.

Mtihani mgumu kuliko yote ni kifo, na hapo filamu ya Australia juu ya Phar Lap, iliyotoka mwaka 1983, ilinishangaza kwa uungwana wake. Phar Lap alizaliwa New Zealand mwaka 1926, akashinda mbio 37 kati ya 51 alizokimbia, akachukua Melbourne Cup mwaka 1930 siku tatu tu baada ya mtu kumfyatulia risasi barabarani na kumkosa. Tarehe 20 Machi 1932 alishinda Agua Caliente huko Mexico, na siku 16 baadaye, huko Menlo Park, California, akafa kwa maumivu makali ya tumbo mikononi mwa saisi wake, Tommy Woodcock. Filamu inaanza na kifo hicho, kisha inarudi nyuma. Haimtegei mtazamaji kitendawili ambacho kila mtoto wa Australia analijua jibu lake, na haimpeleki mtu yeyote mahakamani kwa kosa ambalo halijathibitishwa.

Miaka zaidi ya ishirini baada ya filamu hiyo, wanasayansi walizichunguza nywele za Phar Lap na kukuta dalili za aseniki nyingi iliyoingia mwilini saa chache, pengine 30 hadi 40, kabla ya kufa. Wengi waliisoma habari hiyo wakasema basi aliuawa. Sikwenda mbali hivyo, kwa sababu nimefundishwa na wazee wa kazi waliowahi kuyaona majosho ya aseniki, enzi ambazo sumu hiyo ilikuwa ndiyo dawa ya kupe nchi nzima, na kosa dogo la vipimo liliweza kulaza ng'ombe wengi kwa siku moja. Mkufunzi wa Phar Lap, Harry Telford, aliacha daftari la dawa zake za kuwapa farasi nguvu, na ndani yake mna mapishi yenye aseniki na striknini. Wapo pia wanaoamini kwamba yalikuwa maambukizi ya utumbo, na dalili zilizoandikwa na waliompasua zinaruhusu wazo hilo. Mimi ninayezoea kupasua matumbo ya wanyama ili nijue kilichowaua naielewa hamu ya kutaka jina la mwuaji. Lakini mara nyingi jibu la kweli huwa ni mkono wa mtu aliyempenda mnyama akakosea kijiko. Moyo wake, wenye uzito wa kilo 6.2, umehifadhiwa Canberra, ngozi yake iko Melbourne na mifupa yake iko Wellington. Kila upande umejitwalia sehemu yake, jambo ambalo filamu hazina budi kulionea wivu.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. Hidalgo, ya mwaka 2004, ilitangazwa kuwa hadithi ya kweli ya Frank Hopkins, Mmarekani aliyeshinda mbio za maili 3,000 katika jangwa la Arabuni, na wanahistoria waliotafuta alama ya mbio hizo hawakuipata isipokuwa katika maneno ya Hopkins mwenyewe; hapo hakuna nyama wala mchuzi, ni chumvi tupu katika sufuria. Ride Like a Girl, ya mwaka 2019, inamhusu Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda Melbourne Cup, mwaka 2015, na inajitetea yenyewe kwa jambo moja: kaka yake Stevie, mwenye ugonjwa wa Down, aliyekuwa saisi wa farasi yule, ameigiza nafasi yake mwenyewe, na hakuna mwigizaji ambaye angeweza kumshinda.

Dream Horse, ya mwaka 2020, ndiyo ninayowashauri vijana wa vikoba waitazame. Katika kijiji cha Cefn Fforest huko Wales, mhudumu wa baa aitwaye Jan Vokes aliwashawishi majirani wachange pauni 10 kila wiki ili wamlee farasi aliyezalishwa katika kiwanja kidogo cha bustani, nao wakamwita Dream Alliance. Mwaka 2008 farasi huyo alikatika kano ya mguu mbioni. Kwa kawaida jeraha kama hilo humaanisha risasi. Yeye alitibiwa kwa seli zilizotolewa mwilini mwake na kukuzwa maabara, na Desemba 2009 akashinda Welsh Grand National. Filamu imeyaweka hayo yote, kano na seli, bila kuona kwamba yanapunguza muujiza. Niliwaonyesha wanakikundi wenzangu, na walichokijadili baadaye si farasi bali adhabu ya mwanachama anayechelewa kuleta mchango.

Naye Aldaniti siwezi kumwacha. Mwaka 1981 alishinda Grand National akiwa amepandwa na Bob Champion, aliyekuwa amepona saratani, ilhali farasi mwenyewe alikuwa ameumia kano mara kadhaa hata wengi wakamkatia tamaa. Filamu yao, Champions, ilitoka mwaka 1984, na John Hurt akaigiza nafasi ya Champion. Lakini katika nafasi ya Aldaniti waliyemleta alikuwa Aldaniti mwenyewe. Nimejaribu kufikiri kama farasi anaweza kuigiza uongo juu ya nafsi yake. Sidhani. Anaambiwa akimbie, anakimbia, na ule mguu uliopona ni ule ule.

Mwezi uliopita yule fundi wa reli alikuja nyumbani kwangu Ujiji baada ya sala ya alasiri, naye sasa macho yake yamepungua nguvu, hivyo nilimwekea simu karibu na uso. Nilimwambia kwamba leo hakuna mtafsiri wala mwigizaji, ni mbio za Belmont za mwaka 1973 kama zilivyorushwa na televisheni siku yenyewe. Nikamweleza pia habari ya tiketi 5,617 za ushindi ambazo wenye nazo hawakwenda kuchukua fedha zao, wakaziweka ziwe kumbukumbu, akaguna kwa namna ya mtu asiyeafiki. Farasi walikuwa watano. Kwa nusu ya kwanza Sham alikimbia sambamba na Secretariat, kisha akaanza kulegea, na kamera ikabaki na farasi mmoja mwekundu akikata kona katika uwanja uliokuwa mtupu mbele na nyuma yake.

"Bwana Mifugo," akasema fundi, "hawa nao wamekata picha. Wengine wako wapi?"

Nikamwambia asubiri. Mpiga picha alilazimika kuivuta kamera nyuma, halafu nyuma zaidi, mpaka wale wengine wakaanza kuonekana pembeni mwa kioo, wadogo mno, wakija.